Mawe Yenye Kavugho Alibeba

Kuna watu hapa Mpofi wenye wanasema mudogo wangu Kavugho alikuwa analipwa juu ya kusikiliza masemi. "Kukaa tu na kusikiliza muntu analia, ile nayo ni kazi?" Wanasema vile wakiwa mbali. Wakiwa karibu hawathubutu, maana wanajua nitawatandika na kopo ya kupimia chumvi, na ile kopo ni ya chuma. Mimi niko Kasoki, muuzaji wa chumvi na sabuni, mutoto wa Butembo, mujane wa Bienvenu. Bienvenu walimupiga risasi hapa hapa ku mulango ya duka, siku watu wa pori waliingia Mpofi mara ya kwanza, kopo ikiwa mu mukono yake. Analala nyuma ya kanisa. Kopo nilibaki nayo mimi, na hasira pia.

Nasema sana, najua. Mudomo yangu haina freni. Lakini sikuzaliwa vile.

Papa yetu alikuwa anabeba bidhaa na kamyo yake. Siku moja walimusimamisha ku kona, wakamushusha, wakamukata panga ku shingo mbele ya Kavugho, kisha wakachoma kamyo. Kavugho alikuwa na miaka tisa. Walimukuta amekaa mu mufereji, damu ya Papa imekauka ku gauni yake, na mwaka muzima hakutoa hata neno. Mama alimupeleka kwa mapadri, kwa wamama wa maombi, kwa muzee wa majani. Wapi! Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na mimi njo nilikuwa namusemea. Akisikia njaa, nasema mimi. Mwalimu akiuliza, najibu mimi. Hata siku alirudilia kusema, tulibaki vile: mimi wa kusema, yeye wa kunyamaza.

Akasoma unganga, akanifuata huku. Mu miaka ile ya vita, proje moja, mradi ya afya kutoka Goma, ikamutwaa, ikamufundisha kutunza ugonjwa wa woga, ule wa watu wenye waliona mabaya na mabaya ikakataa kutoka mu kichwa. Dawa yake haina kidonge. Nilicheka. Yeye akanielezea mu lugha ya duka.

"Yaya, hii dawa ilipimwa." Ananiita Yaya, juu mimi njo mukubwa. "Walitwaa wagonjwa, nusu wakawapa hii dawa, nusu wakawapa pole ya kawaida. Nyuma ya miezi sita wakawauliza maulizo ileile. Wale wa dawa walikuwa wanalala. Wale wa pole walikuwa bado wanalia. Weye ukipima chumvi, unaamini macho?"

"Naamini kopo."

"Njo vile."

Dawa yenyewe iko hivi. Unatandika kamba chini. Mwanzo wa kamba ni siku ulizaliwa. Siku mbaya unaweka jiwe, siku nzuri unaweka ua. Kisha weye na munganga munatembea pamoja pembeni ya kamba ile, vikao kumi na mbili, wao wanaviita seansi. Ku kila jiwe munasimama na unasema yote: walikuwa wangapi, kulikuwa harufu gani, mikono yako ilikuwa wapi. Munasimama pale mupaka ile siku ikubali kuwa siku ya zamani.

Kamba! Watu wa Goma nao. Mugonjwa wa kwanza aliona kamba mu mikono ya munganga, akapita mu dirisha. Huku kwetu kamba ni ya kufungia watu viwiko nyuma, mbele ya kuwapeleka fasi hawarudi. Kavugho akaitupa. Akakuja kwangu akatwaa kitenge ya kubebea mutoto, ya kijani, yenye nilinunua wakati wa mimba yangu moja tu, mimba yenye haikufika. Akaisokota, akaitandika chini. "Wote tulipita mu hii," akasema. Maua nayo akaacha, akaweka mbegu ya maharagi. Watu wakakubali. Mu sante, kituo yetu ya afya, chumba ya pembeni, walianza kuingia mumoja mumoja, na kutoka wakiwa wameloa jasho sawa muntu ametoka kulima.

Mugonjwa wake mukali kuliko wote alikuwa Sebarenzi, muchimbaji wa madini ya koltani kutoka Rubaya. Alifika hapa peke yake, hakuna mwenye alijua watu wa nyumba yake waliishia wapi. Siku moja ya soko muntu aliangusha mbao. Paa! Sebarenzi akaruka, akanyakua panga ku meza ya Mbonigaba, muuza nyama, akaanza kukata. Hakuwa anaona watu, ile nilishuhudia mimi mwenyewe, macho yake ilikuwa inaangalia fasi ingine kabisa. Akakata sikio ya Mbonigaba, ikaanguka katikati ya nyama ya mbuzi. Akakata mukono ya mama mwenye kuuza muhogo mupaka mufupa nyeupe ikaonekana. Soko yote ikamurukia. Mawe, miti, mateke. Mumoja akaleta petroli, akaanza kumumwangia.

Na ule kimya wangu, Kavugho, akaingia katikati na kumulalia juu. Wakamupiga naye. Jino moja ilitoka siku ile. Mimi nilipiga makelele, nikapiga watu na kopo, nikapiga hata muntu mwenye alikuwa anapita tu, mupaka Munganga Hubert, mukubwa wa sante, akafika na kunyanganya ule muntu kiberiti.

Watu wa chumba ya maombi wakamutwaa Sebarenzi, wakamufunga na munyororo ku nguzo, na kila asubui fimbo ya kutoa pepo. Majuma tatu nzima. Mugongo yake ilikuwa imeoza. Kavugho alienda kila siku, anakaa tu pale ku mulango, hasemi kitu, mupaka wakachoka naye na kumupa ufunguo.

Ku seansi ya kumi na moja, Sebarenzi alikuwa analala, anacheka, ananibebea mifuko ya chumvi. Lakini ndugu za Mbonigaba walikuwa wameapa watakata kichwa juu ya sikio. Akatoroka kwenda Omate kuchimba. Ikabakia seansi moja.

Na mwezi uleule proje ikaisha. Gari ilikuja, akashuka Papa Archange, musimamizi kutoka Goma. Akabeba kompyuta, akasema aksanti kwa wote. Lakini mbele ya kupanda gari akamuambia Kavugho neno moja. Biro, ofisi ya afya, inaweza kutwaa kazi yake ikuwe ya sante, ya serikali, ya kudumu, akituma ushahidi kwamba dawa inaponyesha. Fishi makumi mbili zenye zimetimia. Fishi moja ni karatasi ya mugonjwa mumoja: hakuna jina, ni namba tu, na maulizo yenye alijibu mbele ya dawa na yenye alijibu nyuma. Mwisho wa mwezi. Bila ile, chumba inafungwa.

Kavugho alikuwa na fishi kumi na tisa. Ya makumi mbili ilikuwa ya Sebarenzi. Na watu makumi tatu walikuwa wameandikwa wanangojea zamu, wengine wamefungwa munyororo mu nyumba zao.

"Tunaenda Omate," akaniambia.

"Tunaenda na nani?"

"Na weye. Utauza chumvi."

Nilimutukana njia muzima. Matope ilifika mu magoti, siafu walitukula, na mara mbili tulilala mu majani juu ya kusikia masasi ya bunduki upande wa mulima. Fasi moja tulikuta watu watatu wamelala njiani, mikono nyuma, inzi wamejaa. Kavugho akasimama, akafanya alama ya musalaba, akawaruka. Nami nikawaruka. Ku Omate nilitandika chumvi yangu inje, naye akaingia na Sebarenzi mu kibanda ya shiting, ile turubai ya plastiki. Walibaki pale tangu asubui mupaka jua lilifika juu ya kichwa. Nilisikia mwanaume analia, kisha nikasikia anacheka, kisha Kavugho akatoka na fishi imejaa mbele na nyuma. Uso wake! Sijamuona na furaha vile hata siku ya kipaimara.

"Makumi mbili, Yaya," akasema. Akanikumbatia, yeye mwenye hakumbatii watu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa njo mabaya ilitokea. Kavugho alikuwa na desturi yake. Mugonjwa akimaliza, mawe yake hayabaki naye. Kavugho anabeba ile mawe mwenyewe na kuitupa mu mto, kwenye maji inatembea, mbali na nyumba za watu. Wagonjwa walipenda ile kuliko yote. Basi alitoka Omate na mawe ya Sebarenzi mu mufuko, kuitupa ku mto ngambo ya barieri, kizuizi yenye watu wa bunduki waliweka njiani.

Lakini muntu wa Rubaya ukimwambia atafute jiwe, hatakuokotea jiwe ya njia. Kwake ile ni udongo. Jiwe ni ile nyeusi, ndogo mu macho na nzito mu mukono. Sebarenzi alikimbia Rubaya na vipande saba ya koltani mu kitambaa, na siku zake saba mbaya kuliko zote aliziwekea ile. Aliniambia mwenyewe baadaye: siku sawa zile haziwezi kuwa jiwe ya bure. Kavugho wa Butembo, mutoto wa kamyo, koltani ataijulia wapi? Kwake jiwe ni jiwe. Nami, mwenye kujua kila kitu, sikuangalia mu mufuko.

Tulifika ku barieri saa nane ya muchana. Mti moja umelazwa juu ya mapipa, vijana sita na bunduki, na mukubwa wao amekaa ku kiti ya shule. Walimuita Komanda Dix-huit, kumi na nane mu Kifaransa, juu ikifika saa ya kumi na nane ya Wafaransa, kumi na mbili yetu ya magaribi, mwenye anapita anakula risasi. Tulikuwa tumelipa wakati wa kwenda, tukalipa tena. Kijana mumoja akamwanga mufuko chini. Kitenge. Maharagi. Fishi mu mufuko ya plastiki. Na mawe. Akaokota moja, akairusha rusha mu kiganja.

"Komanda! Hii iko na buzito."

Dix-huit akaitwaa, akaikwaruza na kisu. "Koltani. Bamama, munapitisha koltani ku barieri yangu, munanifanya mujinga?" Akasimama, akamupiga Kavugho kitako ya bunduki mu tumbo. Kavugho akajikunja. Akamupiga ingine ku mugongo, akaanguka kifudifudi mu matope.

Na mimi nikasema. Mungu anisamehe, nikasema.

"Komanda, hapana! Haiko madini! Ni mawe ya bagonjwa! Kila jiwe iko na siku yake, muntu anasema yote yenye batu ya bunduki balimufanyia, anaweka jiwe! Ni dawa tu!"

Nilisikia vile maneno ilikuwa inatoka, na nilikuwa najipongeza. Nilizania nimetuokoa. Dix-huit akafunga kisu. Akachuchumaa, akapanga mawe saba mu mustari, polepole.

"Yote yenye balimufanyia," akasema. "Na majina?"

Hapo njo nilielewa. Nilikuwa nimemuambia kuna muntu anataja yote yenye watu wa bunduki walifanya.

"Hii ni koltani ya Rubaya," akasema. "Mimi nilikuwa Rubaya." Akamuinua Kavugho na nywele. "Mwenye mawe hii ni nani?"

"Mugonjwa wangu."

"Jina."

"Siwezi."

Akafungua fishi, akageuza geuza. "Namba, namba, namba. Majina iko wapi?"

"Mu kichwa yangu," akasema Kavugho. Damu ilikuwa inatoka mu pua yake na alisema ile bila kelele, sawa muntu anasema bei.

Dix-huit akacheka, akawasha kiberiti, akaishika karibu na fishi. "Unipe jina moja tu, ya huyu wa mawe nyeusi. Unapita na makaratasi yako yote, na chumvi ya huyu wa makelele. Ukikataa, nachoma."

Nilimuona Kavugho anaangalia ile fishi. Usizanie hakufikiri. Niliona macho yake inahesabu: chumba, watu makumi tatu, munyororo, miaka yake mbili. Muntu mumoja kwa watu makumi tatu. Muntu wa akili angelisema. Mimi ningelisema.

"Choma," akasema.

Hakuchoma mara moja. Alikasirika kwanza. Aliamuru wawili wamushike, wakalaza mukono yake ya kuume juu ya mti wa barieri, na yeye akatwaa jiwe kubwa kuliko zote mu zile saba. Akapiga. Nilisikia kidole inavunjika, ni sauti ndogo, kavu. "Jina." Akapiga ingine. Kavugho alilia sawa nyama ya pori, alijikojolea, na hakusema. "Jina!" Kidole ya tatu haikuvunjika tu, ilipasuka, mufupa ikatoka inje. Mimi nilikuwa nimeshikwa na kijana, bunduki ku sikio, na jina ya Sebarenzi ilikuwa ku ulimi yangu, naapa, ilikuwa inapanda sawa matapishi.

Kavugho akageuza kichwa, akaniangalia, akasema kwa Kinande, lugha ya Mama yetu, ili wale wasisikie: "Yaya, leo usinisemee."

Dix-huit akatupa jiwe, akamuwekea bunduki ku kichwa. Akaivuta ile chuma ya kuingiza risasi. Nami sikumutii mudogo wangu. Nilisema.

"Ni Bienvenu!"

"Bienvenu gani?"

"Bienvenu wa Mpofi! Alikuwa na duka. Muache, ni Bienvenu!"

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Hatembei tena, kila siku utamukuta pale."

Ilikuwa kweli yote, hakuna uongo hata moja. Dix-huit akaandika jina ku mukono yake na kalamu ya bic. Kisha akachoma fishi, zote makumi mbili, pole pole, moja moja. "Ili musirudie," akasema. Mawe akaweka mu mufuko ya suruali. Aliiuza, najua. Siku saba za Sebarenzi ziliuzwa kwa kilo. Kitenge alinitupia ku uso, na njo ile nilifungia mukono ya Kavugho mupaka Mpofi.

Nyuma ya siku tatu vijana wawili wakafika kumutafuta Bienvenu. Mukatekista, muntu wa heshima, akawapeleka mupaka ku musalaba yake. Wakarudi ku duka na hasira. Wakanivunja mbavu mbili, wakanipiga na kopo yangu mwenyewe mupaka ikabonyea, wakabeba chumvi yote. Kopo sasa inapima pungufu na wateja wananinungunikia kila siku. Wale vijana wangelirudi, lakini juma ile kundi ingine ilishuka kutoka upande wa Masisi, ikamukata Dix-huit kichwa na kuitundika ku barieri yake mwenyewe. Wanasema ilikuwa saa kumi na moja ya magaribi. Nilicheka mupaka mbavu zikaniuma.

Munganga Hubert aliandika Goma kueleza. Papa Archange akapiga simu, sauti yake ndogo: biro inasikitika, bila fishi hakuna ushahidi, bila ushahidi hawawezi kutoa kitu. Zifanywe upya. Aandike na mukono gani? Nilimuambia maneno yenye siwezi kurudilia mbele ya watu wa kanisa. Wakajaza chumba ile na vyandarua.

Na Kavugho akagonjwa. Hapa kwetu kila muchana nyumba zote zinatwanga sombe, majani ya muhogo, muchi mu kinu, tu, tu, tu. Kila kijiji iko na ile sauti. Kwake ilikuwa jiwe juu ya mti. Akiisikia, anaingia chini ya meza ya duka, anaficha mukono mu kifua, anatetemeka mupaka anatapika. Vidole viwili Munganga Hubert alikata. Nilienda nyumba kwa nyumba kukataza watu kutwanga, nikapigana na wamama watatu. Kisha akaacha kusema. Kabisa, sawa mwaka ule wa Papa. Watu wakija kumusalimia, anaangalia ukuta, na mimi najibu: amelala vizuri, amekula, anawashukuru. Nilikuwa namusemea tena na nilijichukia. Mwenye kujua ile dawa, mu Mpofi yote, alikuwa yeye peke yake. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa na vita.

Siku moja ya soko niliona watu wanafungua njia. Sebarenzi alikuwa anapita katikati yao, miguu imevimba, peke yake, mikono wazi ili kila muntu aone hakubeba kitu. Habari ilikuwa imemufikia Omate. Akasimama mbele ya meza ya Mbonigaba. Mbonigaba alikuwa na panga mu mukono na tundu fasi ya sikio.  Nilishika kopo yangu.

"Pita," akasema Mbonigaba. "Lakini usiguse meza yangu."

Sebarenzi akaingia ku duka. Hakunisalimia. "Mama Kasoki, ile kitenge iko wapi?"

"Ya nini?"

"Jiwe yangu njo ilimuvunja. Mimi sikusoma, hata jina yangu siandiki. Lakini nilipita mu ile njia mara kumi na mbili, yeye ananishika mukono. Najua fasi ya kusimama."

Munganga Hubert alikataa kwanza. Kwa sheria ni lazima muntu mwenye alifundishwa, akasema. Nikamuuliza huyo muntu yuko wapi, amulete. Akaangalia kopo, akaangalia Kavugho, akatoa vyandarua mu chumba. Na fishi moja tupu, yenye ilikuwa imebakia mu kabati, akanipa mimi niiandike. Namba moja. Nikamuuliza mudogo wangu maulizo ya mbele: ndoto mbaya mara ngapi mu juma, kustuka mara ngapi, kutamani kufa mara ngapi. Alijibu na vidole ya mukono ya kushoto. Ku ile ya mwisho aliinua vidole vyote. Niliandika huku nalia, wino ikatawanyika.

Kisha Sebarenzi akatandika kitenge, doa ya damu bado inaonekana, na kuniambia: "Mama Kasoki, toka inje."

Mimi! Nikatoka. Nilikaa ku mulango na kopo, muntu yeyote asikaribie. Ukuta ile ni ya mbao, unasikia hata panya. Siku ya kwanza hakukuwa neno. Siku ya pili vilevile, ni Sebarenzi tu, anasema, "Niko hapa. Hapa ni Mpofi. Ile imepita." Siku ya tatu nikasikia sauti yenye nilikuwa nimesahau. Ilisema, "Kamyo." Nikauma nguo yangu ili nisipige kelele.

Ilichukua kumi na mbili, zote. Leo wakitwanga sombe anafunga macho kidogo na kuendelea na kazi. Ile fishi iko hapa chini ya mizani, imetimia mbele na nyuma, mwenye kutoka biro akuje aisome. Ni moja. Wanataka makumi mbili. Kavugho ameanza na mugonjwa wa pili, bila mushahara, anaandika na mukono ya kushoto, vibaya sana, na Sebarenzi njo anashika kitenge.

Na ku seansi yenye walifika ku siku ya barieri, nilikuwa ku mulango. Nilisikia jiwe inawekwa chini. Kisha Kavugho akasema, "Ngoja, iko ingine pembeni yake," na akaweka ya pili, na ile ya pili ilikuwa yangu, ya mudomo yangu. Wakasimama pale saa nyingi. Alisema yote yenye aliona mu uso yangu siku ile na yote yenye alifikiri juu yangu, na nilisikia kila neno.

Ile sitakuambia.